Nasaba Isiwe Kikwazo cha Ndoa



Hapa Moshi, na hata huko juu kwenye migomba ya Machame, Kibosho na Marangu, bado tunasikia posa zikikataliwa kwa sababu moja tu: ukoo. Kijana ana dini, ana tabia njema na kazi ya halali, lakini wazee huuliza, "Huyu ni mtu wa wapi?" Mmoja huambiwa si Mchagga, mwingine huambiwa hana asili ya Uarabuni. Nasi tunauliza: asili hiyo inayotutenga, tunaijua kweli?

Elimu ya vinasaba imetoa jibu linalostahili kusikilizwa. Ipo sehemu ndogo ya vinasaba, ile iliyomo katika mitokondria, ambayo mtoto huirithi kwa mama yake peke yake. Mwaka 1987 Rebecca Cann na wenzake wawili walilinganisha sehemu hiyo kwa watu 147 wenye asili ya mabara mbalimbali. Wakaona kwamba nasaba zote za kikeni hukutana kwa mwanamke mmoja aliyeishi yapata miaka 200,000 iliyopita, na kwamba dalili zinaelekeza Afrika. Magazeti yakamwita Hawa. Hapo tusiharakishe. Wataalamu wenyewe wanasema hakuwa mwanamke pekee wa zama zake, bali ndiye ambaye mlolongo wa mabinti zake haukukatika. Habari za Mama yetu Hawa tumezipata kwa njia nyingine, wala hazisubiri maabara.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa mabaki ya watu 80 wa karne zilizopita, wengi wao wa miji ya pwani kama Kilwa, Mtwapa na Manda. Ilidhihirika kwamba wengi wa watu hao wa pwani walitokana na mababu wa Kiajemi na mabibi wa Kiafrika, mchanganyiko ulioanza yapata mwaka 1000. Basi anayejivunia babu aliyevuka bahari amkumbuke pia bibi aliyempokea. Nasi wa mlimani tusijisahau: koo za Wachagga zenyewe husimulia kwamba wazee wao walitoka Ukambani, Taita, Usambara na Umasaini. Nani basi atamwita mwenzake mgeni?

Sura ya Al-Hujurat, aya ya 13, inatufundisha kwamba makabila yapo ili tujuane, na ubora ni wa mchamungu. Wazee wetu, posa ijayo itakapobisha hodi, ulizeni dini na tabia. Binti anayezeeka nyumbani kwa ajili ya fahari ya ukoo ni amana tutakayoulizwa.

Wallahu a'lam.