Matone ya Polio: Kwa Nini Tena na Tena?

Mama wengi wa Kikula, wa Panda na wa Shituru huuliza neno moja kila mara wachanjaji wanapopita mlangoni na sanduku lao la barafu. Husema: "Mtoto huyu alipata matone mwaka jana. Amepata tena mwaka huu. Kwa nini mmerudi?" Wengine huongeza neno la pili kwa sauti ya chini: "Tumesikia kwamba matone yenyewe huweza kuleta polio. Ni kweli ao ni uwongo?"

Maswali haya si ya kijinga. Mama anayeuliza habari za dawa kabla ya kumpa mtoto wake ni mama mwenye akili. Kwa hiyo tusimjibu kwa kumkemea. Tulete mizani. Tuweke faida upande mmoja na hatari upande wa pili, na kila mzazi atazame mwenyewe.

POLIO NI NINI?

Polio ni ugonjwa unaoletwa na kijidudu kisichoonekana kwa macho. Hukaa katika koo na matumbo ya mtu. Hutoka pamoja na choo chake, kikaingia kinywani mwa mwingine kwa njia ya maji machafu, chakula, ao mikono isiyonawiwa. Watoto wa chini ya miaka 5 ndio hushikwa zaidi.

Wengi wanaoingiwa na kijidudu hiki hawaonyeshi ugonjwa wo wote. Wengine hupata homa kidogo tu. Lakini katika watu 200 hivi walioingiwa nacho, mmoja hupooza, mara nyingi mguu, wala mguu ule haurudii nguvu zake. Na katika kila watu 100 waliopooza, 5 mpaka 10 hufa, kwa sababu misuli ya kupumua inashindwa kazi yake. Hakuna dawa ya kuponya polio, hapa kwetu wala Ulaya. Iko dawa ya kuizuia tu, ndiyo chanjo.

Fikiri vema hesabu hii ya 200. Akionekana mtoto mmoja aliyepooza katika mtaa, ujue kwamba watoto wengi wengine wamekwisha kubeba kijidudu kile, wakicheza na kucheka, na hakuna aliyewajua.

UPANDE WA FAIDA

Mwaka 1988 polio ilipoozesha watu 350,000 hivi duniani, katika nchi zaidi ya 125. Mwaka ule mataifa yalipatana kuifukuza. Leo polio ya asili, yaani ile ya tangu zamani, haijakatika bado katika nchi mbili tu, Afghanistan na Pakistan. Kwetu Kongo mtu wa mwisho aliyepoozeshwa na polio ya asili alionekana mwisho wa mwaka 2011. Tarehe 25 Agosti 2020 bara la Afrika lilitangazwa kuwa halina tena polio ya asili. Kazi hiyo ilifanywa na chanjo, na zaidi sana na matone, kwa sababu ni ya bei ndogo, hayahitaji sindano, na mjumbe wa afya wa mtaa aliyefundishwa anaweza kuyatoa.

Lakini kwa nini kurudia? Katika nchi za Ulaya na Marekani wazee wengi hudungwa sindano ya gripe kila mwaka. Sababu yake ni kwamba kijidudu cha gripe hubadilika upesi, na chanjo ya mwaka jana haikitambui tena vizuri. Polio si hivyo. Polio ina namna tatu tu, nazo zinajulikana. Sisi tunarudia kwa sababu nyingine. Kwanza, tumbo la mtoto mwenye kuhara ao mwenye njaa halipokei tone vizuri kila mara, na tone moja halitoshi. Pili, kila siku watoto wapya wanazaliwa. Tatu, kila mara wako waliokosa: mama alikuwa shambani, baba alifunga mlango, ao familia ilikuwa safarini katika njia ya Kolwezi ao ya Bukama. Mtoto aliyekwisha kupata matone mengi hapati hasara kwa kuongezewa. Hukaza kinga yake tu.

UPANDE WA HATARI

Sasa tuseme ukweli wote. Matone yana kijidudu cha polio kilicho hai, lakini kimedhoofishwa. Kinaingia tumboni, kinaufundisha mwili kupigana, kisha kinatoka na choo kwa muda wa majuma machache.

Hatari ya kwanza ni ndogo sana. Katika watoto 2,700,000 hivi wanaopewa tone lao la kwanza, mmoja huweza kupooza kwa sababu ya tone lenyewe. Ni msiba kwa nyumba yake, wala tusiufiche.

Hatari ya pili ndiyo iliyotupata sisi. Mahali ambapo watoto wengi hawakuchanjwa, kijidudu kile kidhaifu hupita kutoka tumbo hata tumbo, mwaka mmoja ao zaidi, na katika safari hiyo kinarudishiwa nguvu yake kidogo kidogo. Mwisho kinapoozesha watu kama polio ya asili.

Habari ilikuwa hivi. Polio ya asili ya namna ya 2 ilionekana mara ya mwisho mwaka 1999. Kwa hiyo katika Aprili 2016 wakuu wa afya wa dunia waliondoa namna ya 2 katika matone ya kila siku. Walidhani kazi yake imekwisha. Lakini kijidudu cha chanjo cha namna ile kilikuwa kingali kikizunguka mahali pengine, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuwa na kinga ya kutosha. Mwaka 2017 polio iliyotoka katika chanjo ilionekana Haut-Lomami na Maniema, kisha ikafika Tanganyika na Haut-Katanga yetu. Katika Februari 2018 serikali ilitangaza kwamba ni hatari ya afya kwa taifa lote. Mwaka 2022 peke yake watoto zaidi ya 300 wa Kongo walipoozeshwa na namna hiyo ya 2.

Wataalamu wakatengeneza matone mapya ya namna ya 2, ambayo kijidudu chake hakirudii nguvu kwa urahisi. Yaliruhusiwa kutumika wakati wa hatari katika Novemba 2020. Ni bora kuliko yale ya zamani, lakini hayakuondoa hatari yote. Katika Machi 2023 ilitangazwa kwamba watoto 6 wa Tanganyika na Kivu ya Kusini, pamoja na mmoja wa Burundi, walipooza kwa kijidudu kilichotoka katika matone hayo mapya. Wakati ule matone karibu milioni 600 yalikuwa yamekwisha kutolewa katika nchi 28.

MIZANI INASEMA NINI?

Mtu akisikia hayo anaweza kusema: "Basi nifunge mlango wangu." Tufikiri kwanza.

Mnajua desturi ya moto wa nyika. Katika Julai na Agosti, majani yakikauka, mwenye nyumba huchoma ukanda mwembamba kuzunguka boma lake. Moto ule mdogo ni moto kweli. Lakini ukanda ukizunguka boma lote, moto mdogo unazimika wenyewe, na moto mkubwa wa nyikani ukija haukuti kitu cha kula. Ole wake achomaye nusu ya ukanda na kuacha nusu! Moto wake mwenyewe utaingia katika majani makavu na kuteketeza nyumba ya jirani.

Matone ni hivyo hivyo. Mahali ambapo karibu watoto wote wamechanjwa, kijidudu kidhaifu hakipati tumbo la kupitia, nacho kinakufa. Kinapata nguvu mahali ambapo wengi waliachwa. Kwa hiyo mzazi anayefunga mlango kwa kuogopa polio ya chanjo anaiachia majani makavu ile ile anayoiogopa, na mtoto wake mwenyewe amesimama katikati ya majani hayo.

Hivi ndivyo ninavyoona: hatari ya matone ni ya kweli, lakini kwa mtoto mmoja ni ndogo mno, na hatari kubwa inazaliwa na chanjo iliyofanywa nusu. Nusu hiyo haifanywi na wazazi peke yao. Mchanjaji anayepita nyumba tatu na kuandika kumi ana sehemu yake. Mkuu anayepeleka dawa kwa kuchelewa ana sehemu yake.

MANENO MENGINE YA WAZAZI

"Kwa nini tusipewe sindano tu?" Sindano ya polio ina kijidudu kilichokufa, wala haiwezi kupoozesha mtu kwa polio. Kongo iliiingiza katika chanjo za watoto mwaka 2015. Inamlinda vizuri mtoto aliyedungwa, lakini haizuii vema kijidudu kupita matumboni. Kwa hiyo hapa kwetu, ambapo maji safi na vyoo ni shida katika mitaa mingi, tunahitaji vyote viwili.

"Tulisikia kwamba matone ya zamani yalileta SIDA." Ni kweli kwamba mwaka 1958, wakati wa Wabelgiji, watu zaidi ya 200,000 wa bonde la Ruzizi walipewa matone ya polio ya kwanza kwanza. Lakini akiba ya dawa ile ilipimwa baadaye, wala kijidudu cha SIDA hakikuonekana ndani yake. Tena wataalamu wameonyesha kwamba SIDA ilianza kuenea kati ya watu mwanzoni mwa karne ya 20, miaka mingi kabla ya matone yale.

"Matone huletwa bure mpaka mlangoni, lakini mtoto akiwa na malaria nalipa dawa. Kwa nini?" Neno hili ni la haki, na mwenye kulisema asichekwe. Afya ya mtoto si polio tu. Mlisema mbele ya wakuu wa afya na mbele ya kamati ya kituo chenu, mlirudie mpaka lisikiwe. Lakini msimfanye mtoto alipe deni la wakubwa kwa mguu wake.

"Sisi tunaomba, yatosha." Kuomba ni kwema. Lakini mkulima anayeomba mvua hulima shamba lake pia, na mvua ikija inamkuta amepanda.

Na sisi tunaofanya kazi ya hospitali tuna neno la kujiambia. Tusiwaambie watu kwamba matone hayana hatari hata kidogo. Mama akidanganywa katika jambo dogo hataamini jambo kubwa. Akiambiwa kweli yote, mara nyingi atafungua mlango.

MAMBO YA KUFANYA

1. Mtoto apewe matone anapozaliwa, kisha katika juma la 6, la 10 na la 14, na sindano ya polio pamoja. Tunza karatasi yake ya chanjo.

2. Wachanjaji wakipita, leta watoto wote wa umri unaotakiwa, na yule aliyelala, na mgeni aliyekuja jana. Mtoto mwenye homa kidogo ao kuhara anaweza kupewa. Akiwa mgonjwa sana, mpeleke hospitali kwanza.

3. Usimwombe mchanjaji atie wino kidoleni bila kutoa matone. Wino haulindi mtu.

4. Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono ao mguu kwa ghafula, mpeleke kituo cha afya siku ile ile. Choo chake kitachukuliwa mara mbili, siku mbili mbalimbali, ndani ya siku 14 tangu kulegea, ili kipimwe. Usipoteze majuma kwa kumkanda nyumbani.

5. Nawa mikono kwa sabuni ao majivu baada ya choo na kabla ya kula. Funika choo. Chemsha maji ya kunywa ya kisima na ya mto.

Mkiwa na shaka, njoni muulize kabla ya siku ya chanjo. Kuuliza hakulipiwi. Na kama jirani yako ameogopa, usimgombeze. Keti naye, msomee karatasi hii, upande wa faida na upande wa hatari, kisha mwende pamoja na watoto wenu.