Kadi ya Fakiri

Mwaka huu kundi letu la somo la tafsiri limepewa kazi isiyo ya kawaida: kuweka katika Kiswahili kitabu cha kanuni cha mchezo wa mezani. Mchezo wenyewe ni Five Tribes, uliobuniwa na Mfaransa Bruno Cathala na kutolewa mwaka 2014. Kwa majuma mawili tumebishana juu ya neno moja. Wengine katika kitivo wanatucheka, wanasema huo ni mchezo juu ya mchezo. Naomba nafasi hii nieleze kwa nini sitaki neno hilo lipite kimyakimya.

Kwanza kwa wasioujua. Mezani panapangwa vigae 30 vyenye masoko, vijiji na mahali patakatifu, na juu ya kila kigae vijitu vitatu vya mti vya rangi mbalimbali. Unachota vijitu vyote vya kigae kimoja, unavidondosha kimoja kimoja ukienda kigae hadi kigae, na pale kinapoangukia cha mwisho ndipo unapovuna. Mwenzetu mmoja Muluba alipoona hivyo mara ya kwanza hakusubiri maelezo. Alisema: « Lakini hii njo kisolo! »

Ndiyo, ni kisolo. Ni igisoro ya Wanyarwanda, ni isolo ya Wasukuma (waalimu wetu wa fonolojia watafurahi kuona l na r zinavyofuatana), ni bao la watu wa pwani lenye mashimo 32 na kete 64. Wataalamu huita jamii yote hii mankala, kutokana na kitenzi cha Kiarabu naqala, kuhamisha. Mtungaji hakuficha deni lake, kwa sababu usultani wa kubuni ambamo mchezo unafanyika anauita Naqala. Sisi mzizi huohuo tunao katika nakili na nakala. Kwa hiyo mbele yetu kuna nakala inayokiri kwa jina lake kwamba ni nakala. Katika hilo sina ugomvi naye.

Ugomvi wangu uko kwenye kadi. Michezo ya jangwa la Waarabu na Waajemi ni mingi Ulaya, na karibu yote ina misafara ambayo ndani yake hakuna mtu anayebeba kitu. Katika Durch die Wüste ya Reiner Knizia, ya mwaka 1998, ngamia wa rangi laini kama peremende wanajipanga mistari kuelekea kwenye visima na minazi, bila mzigo. Katika Yspahan, ambayo inatupeleka Isfahan ya mwaka 1598, bidhaa ni vijidonge vya mti vinavyofika juu ya ngamia bila mkono wa kuvipakia. Ni biashara safi, haina jasho.

Five Tribes ilithubutu kutia jasho, halafu ikajuta. Katika chapa ya kwanza, kwenye mstari wa kadi za sokoni, pamoja na samaki, ngano, vyungu, mafunjo, viungo, hariri, dhahabu, vito na pembe za ndovu, kulikuwa na kadi ya mtumwa. Mtumwa unamtoa ili kumlipa jini, au kumwezesha muuaji kufika mbali zaidi, au kuongeza faida ya wajenzi. Ukishamtumia unamtupa. Mwisho wa mchezo hahesabiwi pamoja na bidhaa zako, hana thamani isipokuwa ya kutumiwa. Wachezaji wengi walilalamika, na chapa zilizofuata zikamwondoa. Mahali pake akawekwa fakiri. Kazi yake haikubadilika hata kidogo: analipiwa jini, anampeleka muuaji mbali, anatupwa.

Kwa msomaji wa Ulaya fakiri ni mtawa, mtu wa miujiza aliyeiacha dunia. Anaweza kuvuma karibu na majini bila kuudhi mtu. Lakini sisi tunaandika kwa Kiswahili. Kwetu fakiri ni maskini, mtu asiye na kitu, na wingi wake wa Kiarabu ndio uliotupa fukara. Soma basi kanuni yetu ilivyo sasa katika rasimu: mchezaji anaweza kumlipa jini kwa mzee mmoja na fakiri mmoja. Tumemsafisha mtumwa kwa Kiingereza, na Kiswahili kimemrudisha akiwa maskini anayelipiwa deni la mwingine. Lugha yetu haikukubali kudanganywa.

Waliomwondoa mtumwa walisahau kitu kimoja. Pembe za ndovu zimebaki. Tena zimo katika bidhaa adimu kuliko zote. Mimi nimetoka Maniema. Katika karne ya 19 watu wa pwani walifika Nyangwe na Kasongo kwa ajili ya pembe hizo. Huku hakukuwa na ngamia. Mbung'o huua wanyama wa mizigo, na pembe hazitembei zenyewe. Si kila mpagazi alikuwa mtumwa, Wanyamwezi wengi walibeba kwa ujira. Lakini kwetu pembe na mtu vilitoka kijijini kwa njia moja, mara nyingi siku moja. Tippu Tip, ambaye mwaka 1887 Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, Kisangani ya leo, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na humo pembe na watumwa wanatajwa bila kuona haya. Kumwacha pembe sokoni na kumwondoa aliyeibeba ni hesabu ambayo hata yeye hakuifanya.

Bibi yangu, mzaa baba, alikuwa akisema: sisi ni waungwana. Alilisema kwa nguvu. Nikimwuliza, na bibi yake yeye je, alitoka wapi, alishusha sauti na kuniuliza kama nimekula. Baadaye, nikiwa mwaka wa kwanza, nilijifunza kwamba vitabu vya wakoloni viliita Kiswahili chetu Kingwana, lugha ya waungwana, na kwamba wengi waliojiita hivyo katika misafara walikuwa watumwa au watoto wa watumwa waliotaka jina jingine. Siwalaumu. Mtu aliyevunjwa ana haki ya kujichagulia neno. Kampuni inayouza masanduku haina haki hiyo juu yake.

Najua jibu la wenzangu, na lina uzito. Wanasema mfasiri hamsahihishi mwandishi, na sanduku tulilonalo limeandikwa fakiri. Mmoja amependekeza derwishi, ili maana ya mtawa ibaki. Ni pendekezo la mtu hodari, na kwa kitabu kingine ningelikubali. Lakini derwishi hatupwi baada ya kutumiwa. Mfasiri anafuata neno, sawa, ila anafuata pia kile neno linachofanya, na katika kitabu cha kanuni kila neno lipo ili lifanye kazi. Kanuni za kadi hii zilitungwa kwa ajili ya mtumwa. Tena jina hilo si langu, ni la mtungaji mwenyewe katika chapa yake ya kwanza.

Wako pia wanaosema kwamba mtoto akicheza hapaswi kushika kadi ya mtumwa mkononi. Hao nawasikiliza zaidi. Wakitaka kadi iondolewe kabisa pamoja na kazi zake, nitapiga kura nao, ingawa mchezo utachechemea. Ninachokataa ni kadi ileile kuvaa kanzu mpya.

Alhamisi tutapiga kura. Sura ya bidhaa tumekwisha kuimaliza, pamoja na pembe za ndovu. Kwa neno hilo hakuna aliyebisha.