Wanafunzi wa Hanang' wanahitaji zaidi ya madawati

Desemba 3, 2023, tope na mawe kutoka Mlima Hanang' yaliifunika sehemu ya mji wa Katesh, mkoani Manyara, na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Misaada ilimiminika, na Taifa lilijitahidi. Januari shule zikafunguliwa, na tangu hapo mzigo wa majonzi ukabaki kwa mwalimu.

Wingu likitanda na matone ya kwanza yakigonga bati, mtoto aliyefiwa anaweza kuacha kuandika katikati ya sentensi, macho dirishani. Mwingine ataomba ruhusa ya kwenda chooni asirudi. Mwingine atamrukia mwenzake kwa sababu ya kalamu tu. Ni rahisi kuyaita hayo utoro na ukorofi, kisha kuchukua kiboko. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni za mwaka 2002 zinaruhusu hadi viboko vinne. Kwa mtoto ambaye mwili wake bado unasubiri mlima uporomoke, hata kimoja ni ukatili.

Yapo yasiyohitaji fedha: mtoto huyo aketi karibu na mlango, aambiwe mapema ratiba ikibadilika, asilazimishwe kusimulia yaliyompata mbele ya darasa. Lakini mwalimu wa malezi na unasihi anahitaji mafunzo, vipindi vichache na chumba cha faragha. Hayo ni ya bajeti, na TAMISEMI, ofisi inayosimamia shule za serikali, iyatengee fungu. Walimu waliofiwa nao wapate wa kuwasikiliza; wengine walirudi kushika chaki matanga hayajapoa.