Ganzi ya mikono isitibiwe kwa kubahatisha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu hili nitoe dukuduku langu juu ya jambo ambalo wananchi wengi wanaumia nalo kimya kimya, nalo ni ganzi ya mikono na miguu. Mimi si daktari. Ni fundi cherehani, baraza yangu iko Mtaa wa Kongo, Kariakoo, na kila alfajiri navuka kwa pantoni kutoka Kigamboni hadi Kivukoni kwenda kutafuta riziki. Haya ninayoyasema yamenipata mwenyewe.

Mwaka 2021, ule ambao Soko Kuu la Kariakoo liliungua, nilianza kuamka usiku mkono wa kulia umekufa ganzi. Nikiukung'uta kama mtu aliyenawa akakosa taulo, unarudi. Baadaye ikawa hata mchana, nikishika mkasi kwa muda, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakuwa kama si vyangu. Kidole cha mwisho hakikuwa na tatizo lolote. Msomaji akikumbuke kidole hicho, maana siri yote ilikuwa hapo na kwa miaka miwili hakuna aliyeniuliza habari zake.

Kwanza nilikwenda duka la dawa. Nikauziwa sindano za vitamini, nikaambiwa ni "dawa ya mishipa". Nilipomaliza dozi nikauziwa nyingine. Kisha nikaenda zahanati moja, nikasema mishipa inanisumbua. Wakanipima presha, wakasema presha yangu nzuri, niende nyumbani. Mahali pengine karani aliposikia neno mshipa alinielekeza kwenye foleni ya wanaosubiri kupasuliwa ngiri! Kiswahili chetu ni kitamu, lakini hapa kimetuponza. Mshipa wa damu ni mshipa, mshipa wa fahamu ni mshipa, na ngiri nayo tunaiita mshipa. Mgonjwa anasema moja, mhudumu anasikia jingine. Wenye taaluma siku hizi wanatumia neno neva kwa mishipa ya fahamu, na naona afadhali nasi tulizoee.

Sitayasema mengi ya waganga ambao karatasi zao zimebandikwa kila nguzo ya umeme kutoka Mnazi Mmoja hadi Msimbazi. Jirani yangu alishikilia kuwa nimetupiwa kitu na fundi mwenzangu. Fedha yangu ilikwenda huko pia, na mkono ukabaki vile vile.

Aliyenisaidia ni daktari mmoja, binti wa umri wa mwanangu. Hakuanza na mashine. Alisema, "Shikamoo mzee, niambie ganzi iko kidole gani." Kisha akanichoma kidogo kwa pini, kidole kimoja baada ya kingine, akaniambia nisimamishe kidole gumba dhidi ya mkono wake, nikashindwa. Akapapasa neva iliyo nyuma ya kiwiko kuona kama imevimba, akatazama ngozi kama kuna baka lisilosikia, kwa sababu ya ukoma. Akauliza kama nina kisukari, kama nakunywa pombe, kama nimewahi kutumia dawa za kifua kikuu. Mwisho akagonga kwa kidole chake hapo kwenye kifundo cha mkono, nikapigwa shoti mpaka ncha ya kidole cha kati. Akacheka, akasema neva yangu imebanwa mlangoni mwa kiganja, lakini kabla ya kunikabidhi kwa mpasuaji anataka nikapimwe kwa umeme.

Hapa nataka kuwatoa hofu wasomaji, maana siku ile mama mmoja aliyekuwa mbele yangu nusura atoroke aliposikia neno umeme. Kipimo kina sehemu mbili. Ya kwanza, mtaalamu anabandika vipande vidogo vya waya juu ya ngozi, kisha anaigusa neva kwa umeme mdogo. Kidole kinaruka chenyewe. Inashtua, lakini si ya kuumiza. Anafanya hivyo kwenye kifundo, kisha kwenye kiwiko, na mashine inaandika umeme umechukua muda gani kufika. Halafu, na hapa nilifurahi sana, alitoa futi ya kupimia, sawasawa na hii yangu ya shingoni, akapima toka alama hadi alama. Umbali kwa muda, inapatikana kasi. Neva nzima ya mkono hupeleka habari kwa mita 50 au zaidi kwa sekunde moja. Mjerumani Helmholtz alipima kasi ya neva ya chura mwaka 1850 akapata kama mita 27, na watu wa wakati wake walikuwa wakidhani kasi hiyo haipimiki kabisa.

Sehemu ya pili ni sindano nyembamba inayoingizwa ndani ya msuli. Hiyo inauma kidogo, nisidanganye. Sindano haina dawa, ni ya kusikiliza tu. Msuli mzima ukitulia unakuwa kimya. Wangu wa chini ya gumba, hata nilipotulia, ulitoa vishindo vidogo vidogo kwenye spika ya mashine kama manyunyu juu ya bati. Nikauliza maana yake. Nikaambiwa huo ni msuli ambao sehemu ya neva yake imekufa.

Majibu yalikuwa wazi. Kutoka kiwiko hadi kifundo neva yangu ilikwenda vizuri. Ilipofika kwenye kifundo ikawa inakokota miguu. Basi si shingo, si kisukari, si mtu aliyenitupia kitu. Neva ile inahudumia gumba, shahada, cha kati na nusu ya kidole cha pete. Kidole cha mwisho kina neva yake nyingine, ndiyo maana kilikuwa kizima. Nikapasuliwa, nikarudi nyumbani siku ile ile, na usiku wa tatu nikalala mpaka asubuhi. Lakini nyama ya chini ya gumba iliyokwisha kunywea haikurudi. Nguo nashona, mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa anaushika kijana wangu wa kazi. Ningefika mapema, ningekuwa naushika mwenyewe.

Sasa hoja yangu, Ndugu Mhariri, si kwamba kila mwenye ganzi akimbilie mashine. Nimeelezwa mipaka yake. Ukipimwa siku chache tu baada ya neva kuumia, sindano inaweza isione kitu, kwani vishindo vile huchukua wiki mbili au tatu kutokea. Mkono ukipoa, kasi inapungua, na mtu aliyekaa saa nzima chini ya kiyoyozi anaweza kuonekana mgonjwa kumbe ni baridi. Inabidi mkono upashwe joto kwanza. Neva nyembamba kabisa zinazopeleka maumivu na joto hazionekani kwa kipimo hiki, na wapo wagonjwa wa kisukari wanaoungua nyayo usiku ilhali karatasi inasema wazima. Wala mashine haijui kila aina ya udhaifu. Mwaka 1985 huko Tarime, wakati wa ukame, watu walipooza miguu kwa ugonjwa wa konzo, kwa kula mihogo michungu ambayo haikuandaliwa vya kutosha kuondoa sumu ya sianidi. Ugonjwa ule unashika njia zinazotoka kwenye ubongo. Neva za mguuni zenyewe si zilizoumia, na anayezitegemea peke yake kupata jibu atapotea. Mkono na masikio ya daktari vinatangulia. Mashine inakuja kuthibitisha na kuonyesha mahali.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni dogo na wala halihitaji fedha za kigeni. Kila zahanati, mtu akisema ana ganzi, aulizwe kidole gani, saa ngapi, na anafanya kazi gani. Pini na pamba zipo. Vitamini zisitolewe kama pipi. Zina mahali pake. Mgonjwa wa kifua kikuu anayetumia dawa ya isoniazidi hupewa vitamini B6 kulinda neva zake. Lakini vitamini hiyo hiyo ikitumiwa kwa kipimo kikubwa kwa muda mrefu, yenyewe inaharibu neva. Nilipoambiwa hivyo nilizikumbuka zile sindano zangu nikatokwa jasho.

La pili linahusu Wizara. Kipimo hiki kiko katika hospitali chache kubwa, na kinahitaji mtu aliyefundishwa, si mashine tu. Mgonjwa wa mkoani anasafiri siku nzima kuja kupigwa shoti kwa nusu saa. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023, na wanaopanga kitita cha huduma nawaomba wasikione kipimo hiki kama anasa ya wenye magari. Anayehitaji mkono wake kuliko wote ni yule anayekula kwa mkono huo. Watazame mafundi wenzangu wa barazani, watazame waparaji samaki pale Feri wanaoshika kisu tangu alfajiri, mkono umelowa maji ya barafu. Watazame wapagazi. Kariakoo yenyewe imepata jina lake kwa kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na zaidi ya miaka mia moja baadaye bado mizigo inapita mabegani mwa vijana wetu. Mzigo mzito begani nao unaweza kuziumiza neva zinazoshuka kwenda mkononi.

Yupo kijana mmoja anayepumzika kwenye baraza yangu mchana. Bega lake la kushoto limeanza kulegea, na mkono hauinuki kupita kifua. Nimemweleza yote haya, nikamwandikia jina la kliniki kwenye kipande cha karatasi ya kukatia mitindo. Huu mwezi wa pili hajaenda. Anasema siku ya kwenda kliniki ni siku ya kukosa chakula cha watoto, na dukani wamempa sindano za mishipa.

Fundi Cherehani,
Kariakoo,
Dar es Salaam.