Baisikeli Si ya Mizigo Tu

Katika mkoa wetu huu wa Katavi baisikeli ni punda wa nyumba. Asubuhi hubeba mahindi kwenda mashineni, mchana hubeba madumu ya maji, jioni hubeba mkaa, na siku ya ugonjwa hubeba mgonjwa. Warina asali huenda nayo porini siku nyingi, na wavuvi wa mto Ugalla hurudi nayo ikiwa imelemewa na samaki wakavu. Lakini kijana akisema ataka kuipanda ili akaitazame nchi tu, watu humshangaa, na wengine humwita mzururaji. Maoni yangu ni kwamba jambo hilo si uzururaji. Ni elimu, tena elimu ambayo isipotafutwa sasa haitapatikana kamwe.

Sisi wa kidato cha nne twasoma habari za misafara ya zamani. Twajua kwamba Stanley alitoka Kwihara, karibu na Tabora, mwezi wa Septemba 1871. Kwa kuwa vita vya Mirambo na Waarabu vilikuwa vimeifunga njia ya kawaida, alizunguka kusini akapita Ukonongo, kisha akageukia kaskazini, akamkuta Livingstone huko Ujiji mwezi wa Novemba. Swali hilo tulilijibu katika jaribio, tukapata alama zetu. Lakini nilipowauliza wenzangu ni nani aliyekwisha kuitembelea nchi hiyo ya Ukonongo, hapakuwa na aliyeinua mkono. Kumbe watatu kati yetu walizaliwa humo humo! Walikuwa hawajui kwamba kitabu kilikuwa kikisema habari za kwao.

Mimi mwenyewe sikuwa bora kuliko wao. Mwaka jana bibi yangu aliniambia kwamba kaka yake marehemu babu yangu yupo Ugalla, na kwamba katika ujana wake mzee huyo alifanya kazi ya kujenga reli. Nilitaka kwenda kumwona katika likizo ya mwezi wa sita. Baba alikataa, akasema baisikeli ni ya kazi, wala si ya kutembelea porini. Sikumlaumu, maana ilikuwa majira ya mavuno na mahindi yalikuwa yakingoja shambani. Nikasema moyoni, nitakwenda mwakani.

Mwaka huu baba aliniruhusu. Nilifuatana na mtoto wa mjomba, kila mmoja na baisikeli yake. Tulichukua pampu, viraka, gundi, unga, sufuria moja na madaftari mawili. Tuliondoka Mpanda alfajiri kwa barabara ya vumbi iendayo Ugalla.

Kabla jua halijawa kali nilipata pancha, nasi tukaingia kwa fundi pale Katumba. Fundi alikuwa mtu mzima. Tulimwamkia, naye alipokuwa akitafuta tundu la tyubu katika karai la maji alituuliza twaenda wapi. Tulipomweleza, alicheka, akasema, “Ninyi mwatembea kwa kupenda. Mimi mama yangu alinileta hapa mgongoni, mwaka 1972, tukikimbia vita Burundi.” Akatusimulia jinsi walivyofyeka msitu na kupewa mashamba, na jinsi alivyoshika cheti chake cha uraia wa Tanzania mwaka 2014, mwaka ambao watu zaidi ya laki moja na nusu wa asili ya Burundi walipewa vyeti hivyo. Kisha akatutoza bei ya haki, tukaagana. Katika somo la Uraia nimesoma mara nyingi maana ya neno raia, lakini nilikuwa sijamwona mtu anayeikumbuka siku aliyopata kuwa raia.

Baada ya hapo nchi ilikuwa vilima na mabonde. Penye mwinuko tulishuka tukasukuma, na penye mteremko tulishika breki na kumwomba Mungu. Mahali pamoja, mbali na kijiji chochote, tuliona miembe mizee imesimama pamoja, wala nyumba hapana. Mtu wa basi hawezi kuiona miembe ile, kwa kuwa basi hupita kwa kasi na vumbi hufunika madirisha. Sisi tulikaa chini yake tukala, tukaulizana ni nani aliyeipanda. Niliporudi shuleni mwalimu wetu wa Historia alinieleza kwamba katika miaka ya 1920 na 1930 Serikali ya Kiingereza iliwahamisha watu wengi wa nchi hizi za magharibi, ikawakusanya katika makazi machache kwa sababu ya ugonjwa wa malale uletwao na mbung'o. Basi huenda miembe ile ni ya watu hao. Mgeni akiliona bonde la Ugalla hudhani kwamba Mungu aliliumba tupu, kwa ajili ya wanyama peke yao. Sivyo. Lilikuwa na wenyewe.

Hata hao wanyama twawajua kwa uchache kuliko wageni. Mwaka 2007 wataalamu walitangaza kwamba sokwe wa Ugalla huchimba mizizi ya kula kwa kutumia vijiti. Habari hiyo ilisomwa Ulaya na Marekani, na mimi niliyezaliwa Mpanda niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa kidato cha tatu.

Siku ya pili jioni tulifika Ugalla. Tuliuliza nyumba ya mzee, tukaonyeshwa. Mwanawe alitupokea vizuri, akatuketisha, akatupa maji. Kisha akatuambia kwamba baba yake alifariki mwezi wa tatu, na arobaini ilikuwa imekwisha kupita. Bibi alikuwa hajapata habari.

Asubuhi mwanawe alitupeleka kwenye reli. Tawi hilo la kutoka Kaliua hadi Mpanda lina urefu wa kilomita 210. Lilijengwa baada ya Vita Kuu ya Pili, mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa ajili ya kuchukua madini ya risasi ya Mpanda. Mgodi huo ulikwisha kufungwa zamani, lakini reli ipo. Tulisimama tukaitazama ikienda katikati ya miti mpaka ikapotea. Nilihesabu miaka nikaona kwamba mzee wetu alipokuwa akibeba vyuma vile alikuwa na umri wa miaka kumi na saba, sawa na wangu. Nikamwuliza mwanawe baba yake alisimulia nini. Alifikiri sana, akasema kwamba usiku walikuwa wakiwasha mioto kuzunguka kambi kwa ajili ya kuwazuia simba, na kwamba palikuwa na wimbo wa kuinulia reli, ambao mzee aliuimba mpaka uzeeni. Nikafungua daftari nipate kuuandika. Akatikisa kichwa. Maneno yake hakuyakumbuka hata moja.

Wahenga walisema, chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Nilifika na daftari langu lakini nilikuwa nimechelewa miezi mitatu.

Sasa nayajua maneno ya wanaopinga. Wa kwanza husema kwamba nchi yetu ina simba na tembo. Ni kweli, na kwa hiyo hapana ruhusa ya kuingia hifadhini kwa baisikeli. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyowekwa mwaka 1974, na hii mpya ya Mto Ugalla, ya mwaka 2019, hutazamwa kwa gari na kwa utaratibu wake. Lakini vijiji vina barabara zake, na wenyeji hupita humo kila siku kwa baisikeli.

Wa pili husema kwamba safari hupoteza muda wa masomo. Mimi nasema safari moja wakati wa kiangazi haimfelishi mtu. Wa tatu husema kwamba jambo hili haliwafai wasichana. Dada yangu huendesha baisikeli yenye madumu mawili ya maji kila siku ya likizo, na sijamsikia mtu akisema haimfai. Mbona imfae akiwa na mzigo tu?

Kwa hiyo naomba uongozi wa shule yetu uanzishe chama cha baisikeli, chini ya walimu wa Historia na Jiografia. Kila mwaka, mvua ikiisha, wanafunzi kumi waende safari moja fupi, wakilala katika nyumba za walimu na za jamaa. Kazi yao iwe kuwauliza wazee na kuandika. Maandishi hayo yawekwe katika maktaba ya shule, na mengine yachapwe katika gazeti letu hili. Tukizoea safari fupi, hapo baadaye twaweza kuvuka milima hata Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo Wabelgiji walijenga kituo mwaka 1879 na kuwaachia Mapadre Weupe mwaka 1885. Huko ndiko alikotibu wagonjwa Adrien Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akiwa mtoto, tangu mwaka 1889 mpaka alipofariki mwaka 1956. Huenda wapo bado wanaokumbuka mikono yake. Lakini hao nao ni wazee.

Kwa wazazi ninalo ombi moja. Mtoto akiomba baisikeli siku tatu ili akamwone mzee wa ukoo, msimjibu upesi. Baba yangu nilipomweleza habari za ule wimbo alinyamaza kwa muda. Kisha akaniambia, “Kwa mama yangu mkubwa kule Inyonga hujafika. Likizo ijayo uichukue, mahindi nitatafuta namna.”

Nitakwenda.