Palamedes na Ile Barua ya Uongo



Odysseus, yule Myunani mwenye akili nyingi, tunamjua wote. Lakini Palamedes, ni wangapi wanamjua? Hata Homere hamtaji jina katika vitabu vyake viwili.

Wakati Wayunani walijitayarisha kwenda vita ya Troya, Odysseus alijifanya mwenda wazimu, juu hakutaka kwenda. Alikuwa analima, Palamedes akamweka mtoto wake mchanga mbele ya jembe la kukokotwa. Baba akasimamisha wanyama. Kumbe akili iko nzima! Tangu siku ile Odysseus alimchukia.

Hyginus anaeleza kisasi chake. Zahabu ilifichwa katika udongo pahali pa hema la Palamedes, na barua ikaandikwa kama vile imetoka kwa Priamo, mfalme wa Troya. Watu wakachimba, wakaikuta zahabu. Basi, maneno yakaisha. Palamedes akauawa bila kosa. Wengine wanasema kwa mawe.

Hapa njo tunaumia: katika mchezo wa Euripides wa mwaka 415 mbele ya Kristo, Palamedes huyu njo aliyevumbua maandiko ya kuandika. Aliwapa watu herufi, nao wakamwua kwa barua.

Gorgias alimtungia maneno ya kujitetea. Palamedes anauliza: Niliongea na Priamo kwa luga gani? Kama mkalimani alikuwapo, yuko wapi? Nani aliniona? Maulizo ya namna hii ni mepesi, hata mtoto wa mwaka wa kwanza anaweza kuyauliza. Socrates naye, alipohukumiwa kufa mwaka 399, alisema, kama Plato anavyoandika, atafurahi kukutana na Palamedes kule wafu waliko.

Ndugu, katika bweni kitu kikipotea, kisha kikaonekana chini ya kitanda cha mtu, sisi tunafanya nini? Tunapiga kelele: Mwizi! Jioni jina liko kwenye liste, kesho mwenzetu anafunga sanduku lake. Na liste ile pia ni barua. Nabothi wa Biblia alikufa vilevile, kwa barua na mashahidi wa uongo.

Hatusemi wezi hawako. Wako, na waazibiwe. Lakini kitu chini ya kitanda kinaonyesha tu pahali kilipo. Hakisemi nani alikiweka. Kwa hiyo sisi makapita tunaomba: jina lisifike ofisini mbele ya mwenyewe kusikilizwa, na mbele ya kutafuta mtu aliyeona kwa macho. Odysseus alikuwa mmoja tu. Waliotupa mawe walikuwa wengi.