ZAMU YA SHAMBA NA MTIHANI WA UALIMU

Ndugu wanaushirika,

Binti yetu aliyeko chuo cha ualimu amekuja likizo kujiandaa na mtihani wa Baraza la Mitihani, baada ya miaka miwili ya masomo. Anataka kufundisha Kiingereza shule ya msingi. Tumesikia wapo wanaodai kwao watozwe faini eti kwa kuwa hajaonekana kwenye zamu ya shamba la ushirika. Sisi tunapinga.

Watoto wetu husoma kwa Kiswahili mpaka wamalize shule ya msingi. Wakiingia Kidato cha Kwanza, hesabu, jiografia, biolojia, vyote kwa Kiingereza! Hapo ndipo wengi hukwama, halafu sisi tunasema hawana akili.

Na mtihani wenyewe si wa kukariri tu. Sarufi aijue, azimio la kazi na andalio la somo ajue kuyaandika, tena ajue kumfundisha mtoto ambaye nyumbani hasikii Kiingereza hata neno moja. Hayo yanataka muda na mwanga, siyo kibatari.

Halafu kuna kicheko. Akisoma kwa sauti pale kisimani, anaitwa Mzungu. Sasa matamshi akayanolee wapi? Na hao hao wanaocheka ndio humpelekea chupa ya dawa ya pamba awasomee maandishi.

Tunapendekeza asamehewe zamu mpaka amalize mtihani, na ofisi ya ushirika yenye taa ya sola aachiwe saa moja hadi saa tatu usiku. Ufunguo ashike katibu. Jambo hili liletwe mkutanoni Jumamosi, kabla ya kupima pamba.